Klachi Isiyo na Kosa

Gari la babu yangu linaitwa Tuntufye, yaani tumsifu Mungu, na jina hilo limeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya kioo cha mbele. Asubuhi lilipokosa nguvu kwenye mwinuko wa kutoka Kisondela kwenda Tukuyu, babu alilikemea kwa Kinyakyusa, akalisihi kwa Kiswahili, kisha akalitamkia maneno machache ya Kiingereza aliyojifunza zamani akiwa dereva wa lori la chai. Halikusikia lugha hata moja. Bodaboda zilitupita. Mama mmoja mwenye mkungu wa ndizi kichwani alitupita pia, akatusalimia kwa adabu zote, na baada ya kona hatukumwona tena.

Mimi nilikuwa kwenye kiti cha abiria, mwanafunzi wa kidato cha tatu wa shule ya bweni, mtu wa kuheshimika, nimejiinamisha chini ya dashibodi ili nisitambuliwe.

"Inuka, gwe," babu alisema. "Aibu ni ya gari, si yako."

Kwa siku ile alikuwa sahihi.

Babu yangu mzaa baba, Mzee Abrahamu, ni mzee wa kanisa na mtu wa maneno machache. Aliliacha gari lirudi kinyumenyume mpaka penye nafasi ya kugeuzia, akalirudisha nyumbani kwa mteremko, akaliegesha uani chini ya mparachichi huku makreti ya parachichi yakiwa bado nyuma. Akachomoa ufunguo, akauvaa shingoni pamoja na ule wa kanisa.

"Haliwashwi tena mpaka lipone," alitangaza. "Mgonjwa hakimbizwi."

Bibi Tupokigwe alikuwa anamenya ndizi mlangoni pa jiko. Aliuliza bila kuinua kichwa: "Na fundi si yumo humu humu nyumbani?"

Babu alijua fika nani anasemwa.

Fundi huyo ni mama mdogo Tusekile. Baba mdogo Andongwisye alimuoa baada ya Pasaka, kisha akarudi kwenye lori lake la Tunduma na kumwacha kwetu. Babu alikuwa ameambiwa kwamba mkwewe "ana kazi Tukuyu." Alidhani ni benki, au duka la dawa. Harusi ilipokwisha ndipo alipojua kwamba ni gereji ya fundi Maulidi, na kwamba mkwewe hushinda amevaa ovaroli, amelala chali chini ya magari ya wanaume. Tangu hapo babu alikuwa anatafuta njia ya kulisema jambo hilo, na bibi alikuwa anatafuta njia ya kumzuia asiliseme. Sasa Tuntufye liliwapa njia wote wawili.

"Sawa," babu alisema mwishowe. "Alitengeneze. Akiweza, aendelee na gereji yake, sitafungua kinywa mpaka naingia kaburini. Akishindwa, aoshe mikono ashike jembe kama wenzake."

Babu akitamka neno mbele ya bibi, halirudi. Mama mdogo alilisikia akiwa nyuma ya ukuta wa jiko. Nilimwona. Aliweka sufuria chini taratibu, akaenda kuvaa ovaroli.

Shida ilikuwa moja. Kwa Wanyakyusa wa kizamani, na babu ni wa kizamani hata kwa vipimo vya wazee wenzake, mke wa mwana haonani na baba mkwe. Hali naye, hasemi naye, hapiti alipo. Akimwona anakuja upande huu, anaingia kwenye migomba. Jina lake halitaji: Jumapili moja mama mdogo alipewa kusoma somo kanisani, na kila alipofika penye Abrahamu alisema "yule mzee aliyetoka Uru," na wazee wa mbele wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Kiti alichokalia mkwe hawezi kukikalia, na kiti cha dereva ni kiti. Simu nayo bibi alishaitolea hukumu: sauti ni sauti, hata ikipita hewani.

Kwa hiyo fundi hakuruhusiwa kuonana na mwenye gari, wala kuzungumza naye, wala kuliendesha gari lenyewe. Ikabidi apatikane mjumbe. Bibi alikataa, akasema Kiswahili chake hakina spana ndani. Binamu yangu Neema yuko darasa la pili. Nikabaki mimi, msomi wa fizikia. Niliupokea uteuzi huo kwa unyenyekevu mkubwa.

Nina historia kidogo katika mambo ya ujumbe. Ni mimi niliyetangaza paredini kwamba mkaguzi anakuja kupima urefu wa kucha za walimu, na walimu wawili wakakata. Neno likipita kinywani mwangu huwa linatoka limebadilisha nguo. Bibi na babu hawakulijua hilo. Shule ilikuwa imewaandikia tu kwamba nina kipaji cha kuzungumza.

Babu aliketi barazani, upande unaotazama Mlima Rungwe, ingawa siku hiyo ukungu ulikuwa umeumeza mlima wote. Mama mdogo alikuwa uani, upande wa pili wa nyumba, boneti juu. Mimi nikawa naizunguka nyumba, Neema akinifuata nyuma kama karani wa balozi.

"Amoni mwanangu," mama mdogo alisema, "muulize mzee: likiwa tambarare linakwendaje?"

Nikazunguka, nikarudi. "Linakwenda vizuri."

"Muulize, taa ya injini inawaka? Ile ndogo ya njano, pale kwenye dashibodi."

Nikazunguka. Babu aliutazama ukungu kwa muda. "Hakuna taa," alisema.

"Hakuna taa," nikamwambia mama mdogo.

"Haya. Sasa hili ndilo kubwa, sikiliza vizuri. Likianza kushindwa mlimani, injini inapiga kelele nyingi na gari haliendi? Au injini yenyewe ndiyo inaishiwa sauti?"

Nikalipeleka swali lote, halijapungua kitu. Babu alifumba macho ili akumbuke sawasawa.

"Mwambie inakata pumzi. Mguu wangu umefika sakafuni, nayo imenyamaza kama mtu aliyekabwa. Mwambie hivyo hivyo."

Penye tangi la maji nikapunguza mwendo. Sentensi ya babu ilikuwa ya kweli, lakini haikuwa na chumvi. Na mama mdogo, tangu aletwe kwetu, sikuwa nimemsikia akicheka, yeye ambaye hata jina lake kwa Kinyakyusa maana yake ni tumecheka. Alikuwa anapika, anachota maji, anajificha kwenye migomba, anakwenda gereji, anarudi. Nilimhurumia. Nataka hilo lijulikane, ingawa halisaidii kitu.

"Anasema injini inapiga kelele kama nguruwe anayepelekwa kuchinjwa," nikamwambia, "na gari limekaa pale pale linamsikiliza."

Mama mdogo alicheka. Alicheka mpaka akajishikiza kwenye boneti. Kicheko chake kilikuwa kikubwa kuliko nilivyotarajia, na kuku walikimbia.

"Babu hakusema ngu..." Neema alianza, nikamkanyaga mguu kidogo, kwa upendo.

"Nguruwe? Mzee amesema nguruwe?"

"Nguruwe mtupu."

"Na wewe ulikuwemo. Ni kweli?"

Hapo mlango wa kutokea ulikuwa wazi kabisa.

"Nilikuwemo, mama mdogo. Mpaka leo masikio yananiuma."

Alifuta machozi kwa mgongo wa mkono, na taratibu uso wake ukawa wa kazi. "Basi injini inazunguka, ila magurudumu hayapati habari. Hiyo ni klachi." Akatazama kiti cha dereva kupitia dirishani, kama mtu anayechungulia nyumba ya jirani. "Ningekaa pale kidogo tu, ningekuwa na hakika. Haya. Kesho tunashusha gia boksi."

Nilijua kwamba nilichosikia ndani ya gari hakikuwa kelele. Sikujua kwamba kelele na ukimya ni magonjwa mawili tofauti. Fizikia yetu haijafika huko. Tena alikuwa bado anatabasamu anapotafuta spana, nami nikaona ni haramu kuliharibu tabasamu hilo kwa ajili ya jambo dogo kama ukweli.

Kesho yake yalinyesha manyunyu ambayo kwetu hatuyaiti mvua. Fundi Maulidi alituma jeki na vifaa kwa bodaboda. Wilson na ndugu yake, vijana wa jirani, wakaja na kamba na mbao. Habari kwamba mke wa Andongwisye analifungua tumbo gari la mkwewe zilikuwa zimeshaenea, na kando ya ua watu wakaanza kusimama, kila mmoja akijifanya anapita tu. Babu alikuwa barazani kwake, anasikia vishindo tu na haoni chochote.

Kushusha gia boksi matopeni si mchezo. Mama mdogo alikuwa chini tangu asubuhi, anafungua, anaelekeza, anawaonya akina Wilson wasiachie kamba. Mchana gia boksi ikakaa juu ya mbao kama mnyama aliyechinjwa, na Wilson akaitoa sahani ya klachi, akaifuta kwenye suruali yake.

"Shemeji," alisema. "Hii mbona nzima?"

Mama mdogo aliipokea. Akaipima unene kwa ukucha, upande huu na upande huu. Akaifuta tena, ingawa ilikuwa imeshafutwa, kama vile kosa lingejitokeza akisugua zaidi.

"Nzima," alisema. "Haina kosa lolote."

Kutoka nje ya ua sauti ya mama mmoja ikapaa: "Mwambieni atafute kwenye matairi, labda nguvu zimevujia huko!"

Wakacheka. Hakikuwa kicheko cha kufukuza kuku. Mama mdogo hakugeuka. Alikaa kwenye matope, sahani mapajani, matone yakimtiririka kutoka kwenye kilemba, na mimi nikaona midomo yake inatembea. Alikuwa anarudia hesabu: kelele, gari haliendi, klachi. Kelele, gari haliendi, klachi. Alikuwa anatafuta alipokosea yeye.

Masikio yangu yaliwaka moto kweli safari hii. Nilifungua kinywa. Ulimi wangu, ambao haujawahi kunikatalia upuuzi wa aina yoyote, ulikataa.

"Amoni!" Babu aliita. "Wamekuta nini huko?"

Nikazunguka. "Klachi ni nzima, babu."

"Klachi? Nani alizungumza habari ya klachi?" Alingoja. Akashusha pumzi, wala hakuonekana mwenye hasira. Alionekana mtu aliyetaka kushindwa akashinda. "Basi. Mwambie aoshe mikono."

"Babu..."

"Aoshe mikono. Ni maneno mawili tu, hata wewe huwezi kuyapoteza njiani."

Nyumba yetu haijawahi kuwa fupi kama siku ile. Nilipita tangi la maji, nikapita kibanda cha kuni, nikafika. Mama mdogo alinyanyuka aliponiona. Alisimama wima, mikono myeusi ameiweka mbele ya ovaroli. Wilson na ndugu yake waliacha walichokuwa wanafanya.

"Amesemaje?"

Neema alinitazama kwa macho makubwa.

"Anasema," nikasema, "endelea."

Mama mdogo alifumba macho. "Ndaga," alishukuru kwa sauti ndogo, akiuelekea ukuta wa nyumba. Kisha akainama, akaingia tena chini ya gari.

Sikuwa na mpango. Mtu anayesema uongo shuleni huwa na mpango, angalau mpaka kengele ya chakula. Mimi nilikuwa na matumaini tu kwamba babu atalala. Spana zikaanza kugonga chuma. Ndugu yake Wilson akaanza kuimba. Barazani kiti kikasogea.

Babu alitokea kwenye kona ya nyumba bila kukohoa, bila onyo lolote, mtu ambaye katika maisha yake hajawahi kwenda mahali alipo mkwewe bila kukohoa kwanza. Mama mdogo alikuwa ametoka kuchukua bolti. Hapakuwa na mgomba karibu. Alijitupa chini ya gari kwa tumbo kama mtu anayeruka mtoni, na nje ikabaki miguu yake miwili, kiatu kimoja kimetoka. Nje ya ua hakuna aliyecheka. Waliokuwa wanapita tu waligeuza nyuso, na babu mwenyewe akageuka papo hapo, akatupa mgongo.

"Amoni," alisema, akiuambia ukungu. "Nilikutuma neno gani?"

Nikaitazama miguu ya mama mdogo. Ule mguu usio na kiatu ulikuwa unajivuta polepole kuingia kivulini.

Sauti ikatoka chini ya gari. Ukiacha lile somo la kanisani, ilikuwa mara ya kwanza kwa babu kuisikia sauti hiyo ikisema jambo.

"Tuntufye," iliita, maana haikuthubutu kumwita mtu. "Mimi niliambiwa niendelee."

Mabega ya babu yalishtuka. Nikaona vidole vyake nyuma ya mgongo vinasuguana. Ndipo akakohoa.

"Tuntufye," alisema babu. "Mimi nilisema aoshe mikono."

"Tuntufye, na jana niliambiwa mlimani unapiga kelele kama nguruwe anayepelekwa kuchinjwa."

"Nguruwe?" Mzee wa kanisa alisahau kuliita gari. "Nilisema nguruwe, mimi? Nilisema inakata pumzi! Inanyamaza kama mtu aliyekabwa!"

"Nilitaka kusema," Neema alisema, "akanikanyaga."

Sasa watu wote walinitazama: akina Wilson, bibi mlangoni pa jiko, na wale wa nje ya ua ambao sasa hawakujifanya tena. Babu peke yake hakunitazama, kwa sababu alikuwa amefungwa na mwiko asigeuke, na mgongo wake ulikuwa mbaya kuliko uso wowote.

"Ni mimi," nikasema. "Yote mawili ni mimi."

"Kwa nini?"

"Nilitaka mama mdogo acheke."

Nilipoisema ilikuwa sentensi ya mtoto wa darasa la pili, tena si Neema, maana Neema asingeisema. Bibi alitamka neno moja la Kinyakyusa ambalo sitalitafsiri. Babu hakunipiga. Alinyoosha mkono nyuma, bila kuangalia, akaonyesha kreti tupu karibu na banda la kuku.

"Kaa pale. Usimpelekee mtu yeyote neno lolote."

Nikakaa. Kuku wakanisogelea, wakaona sina kitu, wakaondoka.

Uani pakawa kimya. Mkwe chini ya gari, baba mkwe amegeuka, na hakuna wa kuzunguka nyumba. Ni bibi aliyechoka kwanza.

"Mbona mmenyamaza?" alisema. "Gari si mkwe wa mtu. Semeni nalo."

Babu alilifikiria jambo hilo kama anavyofikiria mambo ya kanisa. Akakohoa tena.

"Tuntufye. Mlimani ulikata pumzi."

"Tuntufye, ulipokata pumzi, ulitoa moshi mweusi?"

"Hukutoa."

"Ea klina yako, kile kikasha kinachochuja hewa, kilifunguliwa lini mara ya mwisho?"

Shingo ya babu iliinama kidogo.

"Nilikifungua mwenyewe kabla ya kuvuna," alisema. "Chujio lilikuwa limejaa vumbi. Nikaliosha kwa mafuta ya taa, nikalipaka oili kidogo, nikalirudisha. Kwenye lori la chai ndivyo tulivyofanya."

Mimi huyu, kama ningekuwa bado kazini, ningecheka. Mama mdogo hakucheka.

"Kwenye lori la chai ilikuwa sawa," aliliambia gari kwa upole. "Lile lilikuwa chujio la waya. La kwako ni la karatasi."

"Na taa ipo," babu alisema haraka, kama mtu anayemeza dawa. "Iliwaka, ikakataa kuzimika. Niliiziba kwa plasta."

Kile kipande cha plasta nilikuwa nimekiona kila siku, nikadhani kinaficha ufa.

Mama mdogo alitoka upande wa pili wa gari, mbali na babu, akainamia injini. "Basi ugonjwa nimeujua," alisema. "Nyuma ya chujio kuna sensa."

"Sensa si ilishapita?" babu aliuliza. "Mbona tulihesabiwa wote?"

"Hii inahesabu hewa, Tuntufye. Ina waya mwembamba kama unywele, unaopima hewa inayoingia. Kompyuta yako haioni hewa. Inaamini inachoambiwa na sensa tu. Sasa ile oili imeganda kwenye waya. Hewa inaingia nyingi, sensa inasema kidogo. Kompyuta inatoa mafuta kidogo, na mlima unataka mengi. Kila mmoja anafanya kazi yake sawasawa, ila katikati kuna anayedanganya."

Wilson alikuwa amekaa juu ya gurudumu la akiba. Alinigeukia, akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Shemeji," alisema, "kumbe uani kwenu sensa mbovu ni mbili."

Wakacheka wote, ndani na nje ya ua, na jina hilo likanikaa. Nilitaka ardhi ipasuke. Ardhi ya kwetu ni laini, lakini haikupasuka.

Gia boksi ilirudishwa jioni ile. Mimi niliombwa nishike upande wa chini, yaani nililala kwenye matope, chuma kikiwa juu ya kifua changu, mama mdogo akiwa umbali wa kiganja. Aliniambia "inua," "shusha," na "ngoja." Hakuniita mwanangu. Alikuwa na adabu kabisa kwangu, kama mtu anavyokuwa na mteja asiyemfahamu.

Asubuhi iliyofuata alichomoa soketi ya sensa, akaiacha inaning'inia. "Ukikosa mjumbe kabisa," aliliambia gari, "kompyuta itakisia yenyewe. Hutakwenda kama mpya, ila utapanda kuliko jana. Ukipanda, tumeshinda." Kisha akaingia kwenye migomba. Babu alitoka barazani, akavua ufunguo shingoni, akaliwasha.

Hatukuwa na la kuona, ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani. Tulisikiliza. Mama mdogo alisimama kati ya majani mapana, macho amefumba, mkono mmoja umeshika shina la mgomba. Gari lilifika penye mwinuko. Sauti ikashuka kidogo, naye akashusha kichwa. Ikasita. Halafu ikapanda, ikapanda tena, nene, ikashika kona ile ambako mama wa mkungu alituacha, na ikazidi kwenda mpaka hatukuisikia. Mama mdogo alikuwa bado ameshika mgomba. Nilimwona anacheka, bila sauti, peke yake, kwenye migomba. Hakuna aliyemchekesha.

Fundi Maulidi alituma chujio jipya la karatasi na kopo la dawa ya kupuliza. Mama mdogo alipuliza ile sensa mara kadhaa bila kuugusa waya wenyewe hata kwa ncha ya kitambaa, akaiacha ikauke, akairudisha. Akachomoa nyaya za betri kwa muda ili kompyuta isahau yaliyopita. Plasta ya dashibodi aliibandua babu mwenyewe, wakati hakuna anayeangalia, ila mimi nilikuwa kwenye kreti yangu na niliona. Taa haikuwaka. Akaondoka na parachichi zake kwenda Tukuyu, na alasiri akarudi na makreti matupu.

Alizima gari uani, akashuka, akasimama mbele ya boneti akiwa amelipa jiko mgongo.

"Tuntufye," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni. "Mwambie fundi wako kesho awahi gereji. Ukungu ni mzito, bodaboda wanateleza." Akafikiri. "Na mwambie ndaga."

Jikoni kifuniko cha sufuria kilianguka chini, kikazunguka muda mrefu kabla ya kutulia.

Likizo iliyobaki niliimaliza bila kazi. Mama mdogo na babu wakiwa na jambo la gari walikuwa wanalisema na gari. Wakiwa na jambo la chakula au kuni, au la shuka za kuanua, alitumwa Neema. Neema hana kipaji cha kuzungumza. Anasimama mikono nyuma, anasema alichoambiwa, anaondoka. Mara mbili nilijitolea. "Nipeleke mimi, mama mdogo, nipo tu hapa," nikasema. Naye akaniambia, "Pumzika, Amoni, unakaribia kurudi shule," akamwita Neema kutoka mbali alikokuwa anacheza.

Siku ya kuondoka mama mdogo alikuwa ameshakwenda gereji kabla sijaamka. Nikapakia sanduku langu kwenye Tuntufye. Neema akaja mbio, akasimama mikono nyuma.

"Mama mdogo anasema safari njema, usome."

Nilingoja. "Ni hayo tu?"

"Ndiyo."

"Hakusema kingine chochote? Hata kidogo?"

Neema alikunja uso, ameudhika kweli. "Sasa mimi ningeongeza nini?"

Tulipanda mwinuko ule bila taabu yoyote. Kwenye stendi ya Tukuyu babu alinishushia sanduku, akanipa mkono, akasimama kidogo akitazama basi.

"Wasalimie walimu wako," alisema. "Waambie..."

Akanitazama. Akaitoa simu yake mfukoni, akaifuta kwenye koti.

"Au acha," alisema. "Nitawapigia mwenyewe."